Historia Mbadala za Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kilwa, Lindi na Mtwara

Haya ni maswali yanayorudi kila yanapotajwa magofu ya Kilwa, vita vya Maji Maji, fedha za Mjerumani na mifupa ya Tendaguru. Majibu ya Kilwa ni marefu kuliko mengine kwa sababu huko ubishi una vitu vya kushika mkononi. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi. Utaelekezwa kwenye namba yake.

## Mambo ya kwanza

1. Watu wanaposema "historia iliyokubalika", nani aliikubali?

Hakuna kikao kilichokaa kuipitisha. Ni maelezo ambayo kwa sasa yanabeba ushahidi mwingi kuliko mengine, machoni pa wanaoshughulika na hati, sarafu, vigae na lugha. Na hubadilika. Wakati wa mkoloni walioandika juu ya Kilwa walisema miji ya mawe ni kazi ya wageni kutoka Uajemi na Arabuni. Baada ya uhuru, uchimbaji na utafiti wa lugha vilionyesha kwamba mji ulikua kutoka mizizi ya hapa hapa pwani. Mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba uliwarudisha Waajemi, ila kwa sura tofauti na ile ya mwanzo (swali la 5). Anayelalamika kwamba wanahistoria hawabadilishi kauli hajaifuatilia Kilwa.

2. Nitajuaje kama ninachosikia ni swali la kweli au uzushi?

Muulize mwenye dai: kikipatikana kitu gani utakubali kwamba umekosea? Mwenye swali la kweli hujibu bila kuhangaika, kwa mfano, "Kikipatikana kigae cha karne ya 15 chini ya sakafu hii, ambayo mimi nasema ni ya karne ya 11, basi nimekosea." Mzushi hana jibu. Ushahidi usipoonekana, kwake umefichwa. Ukionekana unaompinga, umeghushiwa.

Kisha fuatilia njia ya kile kitu: nani alikiona mara ya kwanza, mahali gani, kina gani, mwaka gani, na kimepita mikono mingapi. Madai mengi hukatikia hapo, kwa sababu picha inayosambazwa haina mahali ilipopigwa.

3. Kwa nini habari za kale za Kilwa zinapingana zenyewe kwa zenyewe?

Kwa sababu Tarikhi ya Kilwa, yaani masimulizi ya kale ya watawala wake, ina matoleo mawili, na hakuna hata moja lililo nakala ya kwanza. La Kiarabu lilitungwa karne ya 16, lakini tulilo nalo ni nakala iliyoandikwa Zanzibar mwaka 1877 kwa ajili ya John Kirk, balozi wa Uingereza huko. Sasa imehifadhiwa London. La pili limo katika kitabu cha Mreno João de Barros kilichochapwa 1552.

Yote mawili yana mtu wa Shiraz, Uajemi, aliyekuja kwa merikebu, na kisiwa kilichonunuliwa kwa nguo kutoka kwa mtawala wa bara. Sababu ya kuondoka Shiraz ndiyo inayotofautiana. Katika la Kiarabu, sultani aliota panya mwenye pua ya chuma akitoboa kuta za mji, akaona ni dalili ya kuanguka. Katika la Kireno, Ali, ndiye msafiri mwenyewe, alidharauliwa na ndugu zake kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, akaona heri ahame. Ndoto humpa mfalme heshima; dharau ya ndugu humpa sababu ya kibinadamu. Soma yote mawili kama hoja za watu wa karne ya 16 juu ya nani ana haki ya kutawala, halafu ndipo utafute ndani yake kilichotokea miaka mia tano kabla yao.

## Kilwa na Washirazi

4. Je, Kilwa ilijengwa na Waajemi?

Mji ulikuwapo kabla ya nasaba yoyote inayotajwa kwenye Tarikhi. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960 na kuchapa ripoti yake 1974, alikuta chini kabisa makazi ya tangu karne ya 9 hivi: nyumba za miti na udongo, uhunzi wa chuma, na vyungu vya aina ile ile inayopatikana vijiji vingi vya pwani na bara yake. Vigae vya ng'ambo vilikuwamo, lakini vichache. Mawe yalikuja baadaye, juu ya mji uliokwisha kuwapo. Huko Shanga, Kenya, mlolongo huo unaonekana wazi zaidi: msikiti mdogo wa miti wa mwishoni mwa karne ya 8, juu yake mwingine, na mwingine, hadi wa mawe.

Vifaa vya ujenzi navyo ni vya hapa. Matumbawe laini hukatwa baharini yangali mabichi, yachongwe kabla hayajakauka. Chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo. Boriti ni za mikoko, na urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba: ndiyo maana vyumba vya kale vya pwani ni virefu lakini vyembamba.

Lugha nayo inasema. Kiswahili ni cha Kibantu katika sarufi yake yote, na maneno ya Kiajemi ni machache, mengi ya bahari na biashara, kama *nahodha* na *bandari*. Watu wakiteka nchi na kuijenga upya, kwa kawaida huacha alama kubwa kuliko hiyo.

5. Basi vinasaba vya 2023 vimemaliza ubishi?

Vimeupunguza. Watafiti walipima vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya takriban mwaka 1250 na 1800, wakiwamo wa Kilwa na Songo Mnara. Upande wa kike ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa sana. Upande wa kiume ulikuwa wa Asia kwa wengi wao, hasa Uajemi. Mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000. Baada ya 1500 hivi, asili ya Asia inayoongezeka ni ya Arabuni.

Kwa hiyo wazee waliosema "babu zetu walitoka Shiraz" hawakuwa wakitunga tu, ingawa wasomi wengi waliwacheka kwa miaka arobaini. Walioandika kwamba wageni ndio walioleta mji nao hawakupata ushindi, kwa kuwa mji ulikuwapo tayari (swali la 4) na wenyeji, hasa wanawake, walibaki na lugha na nyumba zao.

Kuna tahadhari moja ambayo husahauliwa. Makaburi mengi yaliyopimwa yako karibu na misikiti na majengo ya mawe, yaani ya watu wenye uwezo. Mkulima na mvuvi wa kawaida hawakuzikwa hapo. Matokeo hayo yasibebwe kama sensa ya pwani nzima.

6. Kwa nini tarehe ya Ali bin al-Hasan, sultani wa kwanza wa Kishirazi, imehama kwa zaidi ya miaka mia moja?

Kwa sababu sarafu za Kilwa hazina mwaka wala jina la mji. Zina maneno yenye vina: upande mmoja kumtegemea Mungu, upande wa pili jina la sultani. Chittick alizipanga kwa tabaka za udongo alimozikuta, akaiweka nasaba ya Washirazi mwishoni mwa karne ya 12. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, kukachimbuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili. Kati yake zilikuwamo zenye jina hilo hilo la Ali bin al-Hasan, zikiwa pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Misri. Dinari zina miaka juu yake, na ya karibuni kabisa ni ya 1066. Ali akarudi karne ya 11.

Hapa ndipo pa kujifunza jinsi historia inavyopinduliwa. Hakuna aliyekwenda kupiga kelele redioni. Kitu chenye mwaka kilikutwa mahali pamoja na kitu kisicho na mwaka, na aliyekichimba aliandika kina chake.

7. Ibn Battuta alisema nyumba za Kilwa ni za mbao. Je, magofu ya mawe ni ya baadaye?

Swali zuri kuliko linavyopewa heshima. Msafiri huyo wa Moroko alifika 1331, enzi ya sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu mji kwa uzuri na kusema umejengwa kwa mbao na kuezekwa kwa matete. Lakini Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya mia moja lenye birika la pembe nane, ni la wakati huo huo, na limekutwa na maandishi ya sultani huyo.

Majibu mawili yanaenda pamoja. Kwanza, alisimulia habari zake Moroko miaka 24 hivi baadaye, na mwingine ndiye aliyeandika. Pili, wakazi wengi wa Kilwa waliishi kwenye nyumba za miti na udongo. Mawe yalikuwa ya msikiti, sultani na matajiri. Mgeni aliyeangalia mji kutoka chomboni angeona paa za matete nyingi mno.

## Safari za mbali

8. Ni kweli watu wa Kilwa walifika Australia kabla ya Wazungu?

Sarafu ni za kweli. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia aliokota sarafu tisa kwenye mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Tano ni za Kilwa, nne ni za kampuni ya Waholanzi. Wanaoeneza habari hii hutaja zile tano na kuziruka zile nne, na zile nne ndizo zenye jibu.

Kanuni ni hii: fungu la sarafu haliwezi kuwa la zamani kuliko sarafu yake changa. Za Uholanzi zinaanzia miaka ya 1690 na kufika miaka ya 1780. Kama zote zilidondoka pamoja, zilidondoka mwishoni mwa karne ya 18 au baadaye, wakati za Kilwa zilikuwa zimezagaa baharini kwa miaka mia kadhaa kama shaba tu. Wakati huo wavuvi wa Makassar, Indonesia, walikuwa wakienda pwani hiyo kila mwaka kutafuta majongoo bahari. Mfuko wa mmoja wao unatosha.

Lakini hatujui kwamba zilidondoka pamoja. Ziliokotwa juu ya mchanga na mtu asiyechimba, bila kipimo cha kina. Dai la safari ya Kilwa halijathibitishwa wala halijafutwa. Linangoja sarafu itakayokutwa ndani ya tabaka.

9. Wachina wa Zheng He walifika Lindi?

Wengi wamechanganya Lindi na Malindi. Safari za Zheng He, amiri wa merikebu za China, zilikuwa kati ya 1405 na 1433, na twiga aliyepelekwa China 1415 alitoka Malindi, Kenya. Kaure za China zimejaa Kilwa, nyingi za kabla ya Zheng He, lakini kaure ilipita mikono ya wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi kituo kwa kituo. Sahani ya China jikoni kwako leo haimaanishi Mchina alilala sebuleni.

10. Rhapta ilikuwa huku kwetu?

Rhapta ni bandari iliyotajwa na Wagiriki karne ya 1 na ya 2. Jina lake linatokana na mitepe, vyombo vya kushonwa kwa kamba. Mwanaakiolojia Felix Chami ameitetea delta ya Rufiji, akionyesha shanga zenye asili ya dunia ya Kirumi zilizochimbuliwa huko. Mji wenyewe haujapatikana. Delta huhama na mikoko hula kila kitu, kwa hiyo kukosekana kwake hapo hakushangazi kama ambavyo kungeshangaza pwani ya mawe.

## Vita na Mjerumani

11. Je, ni kweli Kinjikitile aliongoza Maji Maji yote?

Angalia tarehe. Pamba iling'olewa Nandete, milima ya Matumbi, mwishoni mwa Julai 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji ya kukinga risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Vita viliendelea hadi 1907 na kufika Liwale, Masasi, Ungoni na mbele yake. Mtu aliyekufa wiki ya kwanza hakuweza kuamuru vita vya miaka miwili. Maji yalisafiri kwa wahongo, yaani wajumbe wake, na kila nchi iliyapokea kwa sababu zake: kodi, pamba, ugomvi wa zamani na jirani.

Sura ya vita moja vya taifa moja ilitiwa nguvu miaka ya 1960, wakati wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokusanya masimulizi ya wazee. Kazi hiyo ni hazina. Tafsiri yake ndiyo iliyobeba hamu ya wakati ule.

Idadi ya waliokufa nayo huzua ubishi. Wajerumani walikadiria 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kabla ya kubishana, uliza kama njaa iliyofuata kuchomwa kwa mashamba na maghala imehesabiwa, kwani njaa iliua wengi kuliko risasi.

12. Wajerumani walifukia dhahabu Kusini?

Sarafu za dhahabu zilikuwapo: rupia 15 zenye picha ya tembo, zilizopigwa Tabora 1916, zipatazo elfu kumi na sita. Tabora iko mbali na Mahiwa, ambako jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Kijerumani, lilipigana Oktoba 1917 kabla ya kuvuka Ruvuma tarehe 25 Novemba. Jeshi hilo lilivuka likitafuta chakula, dawa na risasi za Wareno. Lilikuwa likilipa kwa noti za karatasi za dharura.

Wachimbaji hufuata "alama": nguzo fupi za zege zenye namba juu ya vilima, rundo la mawe, msalaba uliochongwa kwenye mbuyu. Nguzo za zege zenye namba ni alama za wapima ardhi, na kuzing'oa ni kosa. Rundo la mawe mara nyingi ni kaburi. Shimo la mchanga likizidi kimo cha mtu bila kuta kutegemezwa huporomoka bila kuonya. Na kwenye viwanja vya vita vya 1917, chuma kinacholia kwenye kipimo kinaweza kuwa kombora ambalo halijalipuka.

13. Rupia ya kale inayovuta mchele inauzwa mamilioni. Ni kweli?

Ni utapeli. Fedha na shaba hazivuti mchele. Punje zikisogea, tafuta sumaku iliyofichwa na unga wa chuma uliopakwa kwenye punje; leta mchele wako mwenyewe kutoka dukani uone. Sarafu zilizoandikwa kampuni ya Kiingereza ya India na mwaka 1818, zenye picha za miungu, ni za kutungwa. Rupia halali ya Mjerumani ina uzito wa gramu 11.66 na fedha ya 917 kwa elfu. Mizani ya sonara inamaliza mjadala kwa dakika moja. "Zebaki nyekundu" ipo kwenye kundi hili hili.

## Tendaguru

14. Mifupa ya Tendaguru ni ya majitu?

Ni ya dinosaria wa miaka milioni 150 hivi iliyopita, na hakuna mfupa wa binadamu kwenye tabaka hizo. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya wafanyakazi wa maeneo hayo, chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani, walichimba zaidi ya tani 200. Wapagazi waliibeba kwa miguu siku nne hadi bandari ya Lindi. Mmoja amesimama Berlin akiwa na kimo cha mita 13.27. Swali la nani ana haki nayo ni halali, na halihitaji majitu.

## Ukitaka kuchunguza mwenyewe

15. Nimeokota kigae au sarafu shambani. Nifanye nini?

Kama bado kimo ardhini, kiache. Piga picha ukiweka kando kitu chenye kipimo kinachojulikana, halafu nyingine inayoonyesha mti au nyumba ya jirani. Andika kina kwa sentimita na chukua alama ya mahali (GPS) kwa simu. Kisha mweleze mwenyekiti wa kijiji na afisa utamaduni wa wilaya.

Usisugue sarafu kwa ndimu, majivu au mchanga. Asidi ya ndimu hula kutu ya kijani pamoja na herufi zilizoshikwa ndani yake, na sarafu ya Kilwa bila herufi ni kipande cha shaba. Kuchimba vitu vya kale bila leseni kunakatazwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ambayo inavilinda vilivyotengenezwa kabla ya 1863.

16. Kipimo cha kaboni si kinatoa mwaka kamili?

Hapana. Kinapima kifo cha mti au mnyama, na hutoa kipindi. Mambo matatu huharibu majibu pwani. Mkaa wa kiini cha mti mkubwa huonyesha umri wa kiini, si siku ya kukatwa. Kombe na samaki huonekana wakubwa kwa mamia ya miaka kwa sababu ya kaboni kongwe ya bahari. Na vitu vya baada ya 1650 hivi hutoa majibu mapana mno. Matumbawe ya ukuta hayakuambii ukuta ulijengwa lini. Tafuta chembe za mkaa ndani ya chokaa, hasa za vijiti vyembamba.

17. Nimhoji vipi mzee bila kumtia maneno mdomoni?

Usianze na mwaka. Uliza alichezwa jando au unyago na kina nani, na kama ilikuwa kabla au baada ya njaa fulani. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao ukoo hufuata upande wa mama, hivyo uliza mjomba wa fulani ni nani. Ukifuata baba, mlolongo utakatika kizazi cha pili. Hesabu miaka 25 hadi 30 kwa kizazi, na tarajia majina ya katikati kuangushwa. Mzee akitaja tarehe na mwezi wa jambo la 1905, amelisikia shuleni au kwa mgeni aliyemtangulia kumhoji. Mwulize alilisikia kwa nani, kwa adabu.

18. Jina la mahali ni ushahidi?

Dhaifu. *Lindi* kwa Kiswahili ni shimo refu, na juu ya hilo zimejengwa hadithi za kila aina. Tafuta kwanza jina lilivyoandikwa zamani: Ibn Battuta aliandika Kulwa, Wareno Quiloa. Tafsiri isiyokubaliana na maandishi hayo iache.

19. Nyumba yenye kibao cha Livingstone Mikindani ndiyo aliyolala?

Alifika ghuba ya Mikindani Machi 1866. Kibao kinathibitisha kwamba aliyekiweka aliamini hivyo. Cha kuchunguza ni umri wa kuta (swali la 16).

20. Kinyago cha mpingo cha mashetani nilichouziwa kina miaka mia tano?

Mtindo huo ulianza miaka ya 1950. Vinyago vya kuvaa, *mapiko*, ndivyo vya zamani zaidi, na kwa kawaida huchongwa kwa mti mwepesi.

21. Mgeni anataka kununua vigae nilivyookota ufukweni Kilwa. Nimuuzie?

Hapana, kwa sheria ile ile ya swali la 15. Vikishauzwa tayari, andika leo, kabla hujasahau, vilitoka mita ngapi kutoka ukuta gani, na picha ulizonazo usizifute.